Kanga Iliyotikiswa Kabla ya Kengele

Mkuza, Kibaha
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Kwa Shangazi yangu Mwanaasha,
Marui, Kisarawe

Shikamoo Shangazi.

Ni matumaini yangu kuwa waraka huu utakufikia ukiwa na afya, na kwamba goti lako la kushoto, ambalo kila vuli inapokaribia hukupa taarifa mapema kuliko watabiri wa redioni, limekuachia walau nafasi ya kulala. Nimemwomba Bilali, ambaye kesho anakuja huko kupakia mananasi, akukabidhi barua hii mkononi mwako na si mwa mtu mwingine, pamoja na dawa ya kuchua niliyoifunga kwenye mfuko mweusi. Ujichue jioni, si asubuhi. Unisalimie Baba Mdogo Halidi, na umwambie kwamba simu zake niliziona. Kutozipokea hakukuwa kiburi cha usomi kama anavyodai. Sikuwa nimepata la kumjibu.

Huku Mkuza sote hatujambo. Mdogo wangu Mwanamvua hajambo kupita kiasi. Anakula ugali wa watu wawili, anacheka na majirani ambao mimi, baada ya mwaka na nusu, bado nawaamkia kwa majina ya watoto wao, na hata yule mama muuza vitumbua wa kona, ambaye hajapata kunipunguzia hata shilingi, humwongezea yeye kitumbua kimoja cha bure kila asubuhi, eti cha kutia nguvu miguu.

Nimepokea ujumbe wako, Shangazi. Nimeelewa kwamba Baba Mdogo amelifikisha suala hili kwenye kikao cha familia, na kwamba msimamo wake ni kuwa binti ana miaka kumi na sita, wenzake wote wa Marui wameshawekwa ndani wakafundwa na kutolewa kwa ngoma, na watu wameanza kusema nyumba yetu imesahau mila. Nimeelewa pia kwamba nafasi pekee ya kumweka ndani mwaka huu ni likizo ya Desemba, na Desemba hiyohiyo ndiyo kambi ya vijana ya riadha inayofunguliwa Arusha, na asiyeripoti siku ya kufunguliwa nafasi yake hupewa mwingine. Ukasema: “Ashura, wewe ndiye uliyesoma, na wewe ndiye unayeishi naye. Neno utakaloniletea ndilo nitakalosimama nalo mbele ya wanaume.”

Neno hilo lilikuwa zito, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako, uniwie radhi, huwa unaiweka sauti ya nje, na baraza zima husikia.

Nikiri kwamba barua hii si ya kwanza. Siku tatu zilizopita niliandika nyingine, yenye utangulizi, vipengele vya hoja na hitimisho, kama tulivyofundishwa chuoni. Nilitaja hatari ya mazoezi makali kwa msichana ambaye mifupa yake bado inakua. Nilitaja masomo ya kidato cha tatu yatakayovurugika, hadhi ya mila katika jamii, na umbali wa Arusha. Hitimisho lilikuwa asiende. Ilikuwa barua nzuri, Shangazi, na ungeisoma kikaoni kwa fahari. Niliichana. Hii unayoisoma naomba usiisome kikaoni.

Itanibidi nianzie mbali kidogo. Unaikumbuka siku niliyorudi Marui baada ya mahafali, na joho langu begani na cheti cha daraja la kwanza cha elimu ya viungo na michezo. Ulichinja jogoo, nami sikusahau. Lakini alasiri ileile, kabla hata nyama haijaiva, Mwanamvua alirudi kutoka mashindano ya kata akiwa peku, vumbi hadi magotini, na ndoo ya plastiki ya kijani kichwani, zawadi ya mshindi wa kwanza. Watu waliokuwa wakikigeuzageuza cheti changu wakaniachia ghafla kikiwa nusu kimekunjwa, wakaikimbilia ndoo. Mzee mmoja akaigonga kwa kidole, akasema hii ndiyo elimu inayoteka maji. Wote mkacheka. Nawe ulicheka, Shangazi, nilikuona. Cheti kikawekwa juu ya kabati. Ndoo ikawekwa sebuleni, kila mgeni aione.

Miezi michache baadaye nilipopata nafasi ya kujitolea kufundisha katika sekondari moja ya hapa Kibaha, ukaniagiza nije na Mwanamvua ili asome palipo na walimu wa kutosha. Ulisema nimwangalie kama jicho langu. Nilimwangalia. Nilimfulia sare, nikamnunulia raba za mtumba kule sokoni, nikampangia mazoezi kwa kanuni zote nilizojifunza: siku za mbio ndefu kwenye barabara ya mchanga, siku za kasi, siku za kupumzika. Yeye alikuwa akiniitikia, “Sawa, dada,” halafu siku ya kupumzika namkuta amekwenda mbio hadi kwa muuza vitumbua na kurudi kwa sababu tu, alisema, asubuhi ilikuwa nzuri.

Kitu kimoja sikuweza kukirekebisha. Mwanamvua hukimbia uso chini. Haangalii mbele, haangalii kando. Macho yake yako ardhini hatua chache kutoka vidoleni, kama mtu anayetafuta sindano. Nilimweleza kitaalamu kwamba shingo iliyoinama hubana pumzi. Alijaribu siku moja kukimbia kichwa juu, akajikwaa kwenye kisiki cha mkorosho, akaamka na meno mekundu kwa damu, akicheka. Tangu hapo nikamwacha.

Mtu wa kwanza wa nje kumtilia maanani alikuwa Mwalimu Silvanus, kocha anayewatafuta vijana wa kambi hiyo ya Arusha. Ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo tangu tulipotambulishana hatujawahi kusemezana kwa adabu. Siku aliyokuja uwanjani kwetu aliniuliza tangu lini Wazaramo wakawa na mbio zisizoishia kwenye ngoma. Nikamjibu kwamba babu zake walipofika pwani na mizigo ya watu vichwani, babu zetu ndio waliowauzia maji, tena kwa bei ya juu. Akacheka hadi akashika nguzo ya goli. Kisha Mwanamvua akapita mbele yetu, mzunguko wa tatu, akiwa amewaacha wasichana wa kidato cha nne nusu uwanja. Mwalimu Silvanus akaiachia nguzo, akamfuata kwa macho. Baadaye akasema, “Mtani, huyu mtoto anakimbia kama mwali anayetolewa. Uso chini, lakini anajua ngoma yote ni yake.”

Alisema kwa kusifu. Lakini neno lile, Shangazi, lilinichoma mahali ambapo yeye hakuweza kupajua, na wewe unapajua.

Mimi pia nilikuwa na mbio. Sijawahi kuliandika hili wala kulisema tangu siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nimechaguliwa timu ya mkoa ya shule za sekondari, na basi lilikuwa liondoke likizo ya Juni. Likizo hiyohiyo ukaniweka ndani. Mwalimu wa michezo alikuja hadi uani kuniulizia. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimefunikwa kanga, nasikia kila neno. Ukamwambia mwali hazungumzi na wanaume, ukamkaribisha maji, akanywa, akaondoka. Majuma yote yale niliyokaa mle ndani, Mwanamvua, wakati huo mtoto asiyefika hata kiunoni mwangu, alikuwa akizunguka nyumba mbio, mizunguko na mizunguko, nami nikiisikiliza miguu yake ikipita dirishani, ikipotea nyuma ya jiko, ikirudi tena dirishani.

Siku ya kunitoa mlinibeba begani, mkanivika ile kanga nyekundu iliyoandikwa NIMETOKA NIKALIONA JUA. Tulipofika njia panda nilitaka kugeuza shingo nitazame barabara ya kwenda stendi. Ukanibana goti kwa mkono wako, ukaniambia, “Mwali hageuki.” Sikugeuka. Nilisoma, nikafaulu, nikawa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuvaa joho. Lakini Mwanamvua alipotimiza miaka kumi na minne ukasema asubiri amalize mashindano. Alipotimiza kumi na mitano ukasema asubiri. Nilikuwa nikihesabu, Shangazi. Kila uliposema asubiri, mimi nilikuwa tena nyuma ya pazia namsikia mwalimu akinywa maji.

Sasa nifike kwenye mbio zenyewe, ambazo umezisikia kwa watu wengi, na kila mmoja amekupa sehemu inayompendeza.

Mwalimu Silvanus alipanga mashindano ya wazi Jumamosi ya tarehe 12 hapa Kibaha, mita elfu moja na mia tano, na akawaalika wanariadha wakubwa wa timu za majeshi. Nafasi za kambini kwa wasichana zilikuwa mbili. Miongoni mwa wageni alikuwepo Laurensia, bingwa ambaye umemwona kwenye televisheni ya Baba Mdogo, yule mrefu mwenye kufunga kitambaa cheupe kichwani. Yeye kambi hakuwa akiitafuta. Alikuja kunyoosha miguu tu kabla ya kusafiri. Mwalimu Silvanus alisema wazi kwamba hatazami nani amemshinda nani katika watoto. Anatazama nani ataweza kukaa karibu na Laurensia.

Mbio hizi, Shangazi, si za mwenye kasi peke yake. Zinafanana na bao: anayekula mapema huliwa mwishoni. Ni mizunguko mitatu na robo tatu. Laurensia anajulikana kwa hila moja ambayo haijapata dawa. Huanza taratibu, huwabembeleza wenzake wakaona siku ni nyepesi, huku yeye akiwa ametulia wa tatu au wa nne, upande wa nje, mahali ambapo hakuna anayeweza kumfungia njia. Kengele ya mzunguko wa mwisho inapogongwa hafanyi kitu bado. Anasubiri kona inayofuata. Hapo ndipo huondoka, na wanaoshtuka huwa wameshachelewa.

Niliwasoma wote hao kwenye video, nikatengeneza mpango ambao hadi leo naamini ni bora kuliko wowote alioufikiria kocha yeyote uwanjani siku ile. Mwanamvua angekaa nyuma ya bega la Laurensia kama kivuli, asiongoze hata hatua moja, asikubali kusukumwa ndani akafungiwa. Kisha, kengele ikishalia, aondoke hatua chache tu kabla ya Laurensia kuondoka, ili bingwa ndiye ashtuke. Tatizo lilikuwa uso chini. Mtu asiyeinua macho hawezi kujua amefika wapi. Tukakubaliana kwamba nitasimama kwenye kona ya mbali, yeye atainua macho mara moja tu kila akifika hapo, na siku ya siku, baada ya kengele, nitatikisa kanga. Aliichagua mwenyewe kanga ya kutikisa. Alikwenda kwenye sanduku langu akaitoa ile nyekundu, akasema hiyo ataiona hata akiwa amefumba macho.

Asubuhi ya mashindano ulipiga simu. Ulinijulia hali, ukaniuliza kama chai tumekunywa, ukasema nimpe Mwanamvua. Mliongea muda mrefu. Ulimsomea dua, nilisikia akiitikia amina, amina, kisha akacheka, kisha akafuta macho. Simu iliporudi mkononi mwangu ilikuwa imeshakatwa.

Ni jambo dogo. Niliiambia nafsi yangu kwamba ni jambo dogo kuanzia nyumbani hadi uwanjani.

Uwanjani nilikuwa nimevaa suti yangu ya mahafali, kwa kuwa nilisikia wakubwa wa mkoa watakuwepo na ajira hutafutwa popote. Kila niliyempa mkono na kumtajia jina langu na shahada yangu alinijibu, “Aah, dada yake Mwanamvua!” Mmoja akaniuliza kama na mimi nimesoma. Kisha akaja mpiga picha wa gazeti. Mwanamvua alinishika mkono, akanivuta nisimame naye. Yule kijana akashusha kamera, akasema kwa upole kabisa, “Samahani dada, sogea kidogo pembeni, tunamtaka mkimbiaji.” Nikasogea. Kwenye gazeti la Jumatatu, ukitazama vizuri, ukingoni utauona mkono wa koti langu.

Nikaenda kwenye kona yangu nikiwa na kanga mkononi.

Bunduki ililia, wakaondoka, na yote yakawa kama nilivyoandika kwenye mpango wangu. Laurensia alianza taratibu. Mwanamvua alikaa nyuma ya bega lake, uso chini. Msichana mmoja wa Magindu, mrefu kama mlingoti, alijaribu kumbana ndani; Mwanamvua akalegeza hatua moja, akatoka nje, akarudi kivulini, kama nilivyomfundisha uani kwa viti vya plastiki. Alipita kwenye kona yangu mara ya kwanza, akainua macho, akaniona nimetulia, akainamisha. Watu wakaanza kulishangilia jina lake, “Mvua! Mvua!” na mama mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti kama basi kuna aliyeanua nguo. Uwanja mzima ukacheka kwa furaha. Ni mimi niliyemfundisha kila hatua aliyokuwa akiikanyaga, na hakuna hata mmoja aliyenitazama.

Walikuwa wanakuja mara ya pili kwenye kona. Kengele ilikuwa bado. Ulibaki karibu mzunguko mzima kabla ya wakati tuliokubaliana. Yeyote anayeondoka hapo, Shangazi, hujiua. Hata mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angekuambia. Mwanamvua akainua macho.

Nikatikisa kanga.

Siwezi kukudanganya kwamba mkono ulijiinua wenyewe. Niliuinua mimi. Niliishika kanga kwa pembe mbili, nikaitandaza yote, nikaitikisa juu ya kichwa changu, na maneno yake nikayasoma kwa nyuma, herufi zikiwa zimegeuka. Nilitaka afe pumzi mbele ya watu wale wote. Nilitaka arudi Marui bila ndoo.

Akaondoka. Hakusita hata kwa hatua moja. Alimpita Laurensia kwa upande wa nje, akawapita wawili waliokuwa mbele, na kabla watu hawajaelewa alikuwa peke yake kwenye mstari ulionyooka, uso chini, anakimbia kuelekea kengele ambayo haijalia. Nilisikia mzee mmoja akilalamika kwamba mtoto amepotea hesabu. Laurensia mwenyewe, aliposimulia baadaye, alisema alitabasamu moyoni, akajiambia katoto kale kamehesabu vibaya na katawarudia kenyewe. Hakumfuata. Na kwa kuwa yeye hakumfuata, hakuna aliyethubutu kumfuata. Wote walibaki wanamlinda Laurensia, na Laurensia akabaki anajilinda mwenyewe, huku Mwanamvua akizidi kwenda. Kengele ilipogongwa, iligongwa kwa ajili yake peke yake.

Hapo ndipo bingwa alipoamka. Lakini Mwanamvua naye alikuwa ameanza kufa. Nilimwona akija kwenye kona yangu mara ya tatu, mabega yamepanda, mikono inavuta hewa kama mtu anayepanda mnazi, na nyuma yake kitambaa cheupe kinakaribia kwa kila hatua. Huo sasa ndio ulikuwa wakati wenyewe, mahali tulipokubaliana tangu mwanzo. Na yeye, Shangazi, aliinua macho tena. Alinitafuta. Alitaka kuona kama kanga itatikiswa.

Sijui nilikuwa nimeiangusha saa ngapi. Niliiokota na mchanga wake, nikaitikisa, kisha nikaona kutikisa hakutoshi, nikaingia ndani ya uwanja na viatu vyangu vya visigino, nikakimbia sambamba naye kwenye nyasi nikipiga kelele. Msimamizi alinifokea, akaniita mwendawazimu. Sikusema lolote nililosomea. Nilisema neno lako: “Mwali hageuki! Mwanamvua, mwali hageuki!” Kwa maana nilikuwa nimeona shingo yake imeanza kugeuka kumtafuta Laurensia, na mkimbiaji aliyechoka akigeuka, amekwisha.

Hakugeuka. Laurensia alimpata kweli, lakini hatua chache tu kabla ya mstari, na akamshinda kwa kifua. Msichana wa Magindu alikuwa wa tatu, mbali sana. Mwanamvua akalala chini, akatapika vitumbua vyake, akauliza kama amekuwa wa ngapi.

Yaliyofuata umeshayasikia. Mwalimu Silvanus alinikumbatia hadi kitufe cha koti kikakatika. Alisema miaka yake yote hajaona kocha mwenye moyo wa kumwachia mtoto aondoke pale, na kwamba mtani wake wa Kizaramo amemzidi Laurensia kwa akili, Laurensia akashinda kwa miguu tu. Wakubwa wa mkoa wakalitaja jina langu, kamili, pamoja na shahada. Mpiga picha akarudi, safari hii akasema, “Dada, tunakutaka wewe.” Na jioni hiyo Mwalimu Silvanus akanieleza kwamba kambi inahitaji mkufunzi wa kike, mwenye elimu, wa kuwa na wasichana, na kwamba iwapo Mwanamvua atakwenda, angependa niende naye. Kazi niliyoiomba kwa barua mwaka mzima bila kujibiwa nimepewa kwa ajili ya kitendo kile.

Nilijaribu kumwambia ukweli. Nilimwambia kanga ilitikiswa mapema, haikuwa mpango. Akacheka, akasema Wazaramo kwa kujishusha hawajambo, na kwamba makocha wakubwa wote husema vivyo hivyo.

Lakini kuna mmoja ambaye hakuhitaji kuambiwa. Jumapili yake tulikuwa uani, mimi nachambua mchicha, yeye ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba kengele ilikuwa haijalia. Akasema alijua. Nikauweka mchicha chini. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliondoka. Akanitazama kana kwamba swali lenyewe halina akili, akasema, “Si wewe ndiye uliyetikisa?”

Baada ya hapo akaendelea kusugua visigino vyake. Kisha, kama anayeongeza habari isiyo na uzito, akanieleza uliyomwambia kwenye simu asubuhi ile. Kwamba asijione yeye ndiye wa kwanza kuwa na mbio katika nyumba yetu. Kwamba dada yake alikuwa na mbio kumshinda yeye mara mbili, na ulimkatia njia kwa mkono wako mwenyewe, na ndiyo sababu kila wanaume walipotaka yeye awekwe ndani ukawaambia wasubiri. Akasema ulilia. Akasema ndiyo maana na yeye alilia.

Shangazi, miaka tisa nimelingoja neno hilo. Na ulipokuwa tayari kulitamka, simu ilikuwa mkononi mwangu, ukaniomba nimpe yeye.

Sikulaumu. Nimejaribu kulaumu na sentensi imekataa kukaa sawa. Lakini nisikufiche kwamba wivu haujaisha. Jana tu alipita mtu dirishani akaimba jina lake, nikajikuta nimekaza taya. Huenda nikawa nao hadi uzeeni, kama goti lako, unatulia na kuamka kwa majira yake. Huenda pia kama ningetikisa kanga kwa wakati wake angemshinda Laurensia. Huenda angemezwa kwenye kona kama wengine wote. Hilo sitalijua, na yeye hatalijua, na mimi ndiye niliyelifanya lisijulikane.

Basi neno langu kwa kikao ni hili. Mwache aende. Mwambie Baba Mdogo Halidi kwamba ngoma haiozi. Itasubiri likizo nyingine, na mwali atakayetolewa siku hiyo atakuwa na watu wa kumtazama kutoka hata Mlandizi. Chumba cha kumweka ndani nyumba yetu inacho siku zote. Basi la Arusha ni la siku moja. Wakikuuliza ni nani kasema, sema ni Ashura, na kwamba anajua anachokisema kwa sababu aliwahi kulisikia basi likiondoka.

Kuhusu kazi ile, nimemwandikia Mwalimu Silvanus kwamba sitaweza kwenda mwaka huu. Amenijibu kwa matusi ya utani ambayo siwezi kuyarudia kwako. Mwanamvua amekasirika zaidi. Hajasema nami tangu juzi, isipokuwa kuomba chumvi. Anadhani namkimbia. Mweleze wewe unavyojua, au usimweleze. Nataka akimbie mahali ambapo akiinua macho hatanitafuta mimi.

Naomba mambo mawili tu. La kwanza, siku atakapotolewa, nimbebe mimi. Najua mbebaji huchaguliwa na makungwi, nami nina umbo jembamba, lakini bega langu litaweza. La pili ni lile neno ulilomwambia Mwanamvua kunihusu. Unipigie, Shangazi, jioni yoyote, uniambie mimi mwenyewe. Safari hii ukiweka sauti ya nje sitachukia.

Wasalimie wote wa barazani, na wale wa jikoni ambao hawasalimiwi kamwe kwenye barua. Mwambie mzee aliyeigonga ndoo kwamba bado nakumbuka. Dawa, jioni, usisahau. Mungu akulinde na kukuhifadhi hadi tuonane Marui, na mvua zikuangukie shambani bila kupitia gotini.

Mimi mwanao,

Ashura Mwinyijuma,
dada yake Mwanamvua.